Sadaka Iliyokataa Kuganda

Nimestaafu kabla sijaota mvi hata moja, na najua kwamba jambo hilo linachekesha. Watu hustaafu wakiwa na magoti mabovu na wajukuu. Mimi nimestaafu nikiwa na magoti mazima na mchumba ambaye bado anafikiria. Chama chetu cha ushirika wa maziwa kimenunua mashine yenye ukubwa wa redio: unachovya mrija wake ndani ya maziwa, inakohoa kidogo, halafu inatema tarakimu. Haihitaji kiti, haihitaji chai ya saa nne, wala haitetemeki inapotoa jibu. Basi nikafanyiwa sherehe, nikapewa blanketi na saa ya ukutani, zawadi za mtu anayetarajiwa kulala na kungoja, na mwenyekiti wa chama akatangaza kwamba "mzee wetu Kinoti" anakwenda kupumzika. Mama yangu kule Timau alipopata habari kwa simu aliuliza nimeiba nini.

Nyinyi mtakaobaki na ile mashine mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Nimeandika mara kadhaa nikachana, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuanza ukurasa upya nikiona herufi moja imelala. Safari hii nimejiapiza kutochana. Vyeo na mshahara sitavigusa. Cheo kilikuwa kimoja, nami nilikuwa nimekikalia. Na mshahara haukuwahi kukaa nami muda wa kutosha tukafahamiana.

Nilifika hapa kwenye miteremko ya juu ya mji wa Embu nikiwa na cheti cha kidato cha nne na koti jeupe la mtumba. Koti lilikuwa na jina la mtu mwingine lililoshonwa kifuani, na kwa muda mrefu niliishi nikihofia kwamba mwenyewe atatokea. Mpimaji aliyenitangulia alikuwa amepata kazi kwingine na kuondoka bila kumfundisha yeyote. Aliacha laktomita moja, chupa ya spiriti, chupa ya rangi ya bluu, na karatasi ukutani iliyosema "Nawa mikono". Sehemu hiyo ya mwisho niliielewa mara moja. Nilinawa mpaka vidole vikapasuka.

Aliyenipokea ni Mzee Nthiga, mpokeaji maziwa, mtu wa Kiritiri kule kwenye nyanda kavu za chini. Maisha yake yote Mzee Nthiga aliamini kwamba mnyama wa maana ni mbuzi, na kwamba ng'ombe wa maziwa ni mbuzi aliyezidisha makuu. Alikuwa amesimama kwenye sakafu ya mapokezi na gambuti zake, shavu moja limejaa majani ya muguka anayotafuna, mbele yake foleni ya wakulima na mitungi.

"Wewe ndio ndagitari mpya?"

"Mimi si daktari, mzee."

"Najua. Hata yule mwingine hakuwa. Unatoka wapi?"

"Timau."

"Mmeru!" Akaigeukia foleni. "Watu wangu, kuanzia leo wacheni kutuletea maji. Tumeletewa Mmeru. Ukiweka maji anakukata na panga."

Foleni ilicheka, lakini nikaona wawili watatu wakiitazama mitungi yao kwa wasiwasi. Mimi, badala ya kukaza uso kama nilivyotarajiwa, nikawaambia, "Samahani kwa kuwachelewesha." Mzee Nthiga alinitazama kama mtu aliyenunua mbwa mkali akafika nyumbani akakuta ni kondoo.

Yeye alipima kwa pua. Alifungua kifuniko, akainama, akatoa hukumu. "Hii ng'ombe imekula kabichi." "Hii mtungi imeoshwa na sabuni ya nguo." "Hii, mama, ni ya jana jioni, na jana jioni haikuwa nzuri." Alikosea mara chache sana, na alipokosea alisema ni mafua. Mimi nilipima kwa vifaa, kisha nikarudia, kisha nikarudia kwa sababu huenda nilirudia vibaya. Laktomita huelea ndani ya maziwa na kukuambia kama yameongezwa maji. Spiriti huchanganywa na maziwa sawa kwa sawa. Yakikatika, hayatavumilia moto. Rangi ya bluu huwekwa tone moja: bakteria wakiwa wengi humaliza hewa iliyomo, na bluu hufifia. Ni kazi za dakika chache kwa mtu mwenye akili timamu. Kwangu mimi, maziwa yaliyofika yakiwa mazuri yalianza kuharibika yakingoja nithibitishe kwamba ni mazuri.

"Ndagitari," Mzee Nthiga aliniambia siku moja, "hii maziwa ikigeuka jibini tutakuuzia wewe."

Hadubini niliikuta stoo, nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Hakuna aliyejua imetoka wapi. Ilikuwa ya zamani, ya kioo chini kinachokusanya mwanga wa jua, na ilibidi niiweke dirishani na kuombea kusiwe na mawingu, ombi ambalo chini ya Mlima Kenya halijibiwi mara nyingi. Kitabu changu cha kujifunzia kilikuwa nusu. Kilianza kwenye sura ya seli na kukatika katikati ya sentensi kwenye sura ya upumuaji, hata leo sijui upumuaji uliishia wapi. Nilikisoma kwa sauti chumbani kwangu katika mtaa wa Majimbo, na jirani akaniuliza kwa adabu kanisa letu linakutana wapi.

Mara ya kwanza kutazama niliona mistari myeusi iliyopinda, mizuri, inayotembea kila nilipotembeza jicho. Niliichora kwa uangalifu mkubwa, nikatia kivuli, nikaandika chini yake "Bakteria". Zilikuwa kope zangu. Nimewaambia hili ili msije mkadhani nilizaliwa nikijua.

Baadaye nilijifunza kupaka tone la maziwa kwenye kioo chembamba, kulikausha, kulitia ile bluu na kulitazama kwa lenzi kubwa. Sasa nawaambia nilichokiona, kwa maana mashine yenu haitawaonyesha. Kwenye maziwa ya kiwele kilichovimba kuna viumbe wa aina mbili, na ukishawatofautisha umemaliza nusu ya kazi.

Wakubwa ni seli za ng'ombe mwenyewe, zile nyeupe za damu. Kiini chao kilinitesa. Vitabu huchora kiini duara, lakini hiki kimekatika vipande vitatu vinne vilivyoshikana kwa uzi mwembamba, kama mafundo kwenye kamba. Nilidhani nimeharibu. Nikatengeneza kioo kingine, na kingine, mpaka bluu ikakaribia kuisha. Kisha nusu-kitabu kikanieleza: kazi ya seli hii ni kutoka ndani ya mshipa wa damu, kupenya katikati ya seli nyingine na kufika palipo na shida. Mtu anayepita kwenye kichochoro chembamba habebi gunia limejaa, huligawa mafungu. Nje haina ukuta wowote, ni utando laini tu, ndiyo sababu inaweza kujinyonganyonga, kujivuta, na kummeza adui mzima mzima. Vitabu vyote huziita seli hizi askari. Aliyeandika hivyo hajawahi kuajiri askari wa getini. Hizi hazilali, na zikimaliza kazi hufia hapo hapo. Yale mabonge mnayoyaona kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa ni makaburi yao.

Wadogo ni bakteria. Hawana kiini, uzi wao wa urithi umejikunja tu humo ndani, kama kamba iliyotupwa kwenye ndoo. Hawana vyumba, hawana jiko mbali na sebule, kila kitu kiko pamoja kama kwangu Majimbo. Udogo wao si unyonge. Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho chakula huingia kutoka kila upande, hahitaji mishipa wala barabara, kwa hiyo hula papo hapo na kugawanyika papo hapo. Wengine hukaa kama shanga kwenye uzi, wengine wamesongamana kama matunda ya kahawa tawini. Lakini wana kitu kimoja ambacho seli ya ng'ombe haina: ukuta mgumu. Ndani wamejaa shinikizo, maji ya nje yanataka kuingia, na ukuta ndio unaowazuia wasipasuke, kama tairi linavyoshikilia tyubu.

Na dawa tunayochoma kiwele kikivimba, ile ya jamii ya penisilini, kazi yake yote ni kuhujumu huo ukuta. Bakteria akitaka kukua lazima afungue ukuta na kuongeza matofali. Dawa huwashika mikono mafundi. Pengo linabaki wazi, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli ya ng'ombe inatazama tu. Haina ukuta, kwa hiyo haina cha kubomolewa. Siku nilipolielewa jambo hili nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Mzee Nthiga akachungulia dirishani.

"Umeona nini?"

"Ng'ombe hana ukuta, mzee!"

"Ndiyo maana anajengewa zizi," akasema, akarudi kwenye mitungi yake.

Sheria ya chama ilikuwa wazi: ng'ombe akidungwa sindano, maziwa yake hayaletwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite, kwa kuwa dawa hutoka na maziwa. Kila mkulima aliijua. Nilipowauliza maziwa ya siku hizo wanayapeleka wapi, wote walinijibu neno moja: ndama. Niliwaona ndama wenyewe nikienda mashambani. Kama wangekuwa wanakunywa kila lita niliyoambiwa wanakunywa, wasingepita kwenye lango. Walikuwa na mbavu za kuhesabika. Lakini mimi si mtu wa kumwambia mzee wa watu kwamba namwona anadanganya, basi nikasema "vizuri" na kwenda nyumbani kukosa usingizi.

Sasa nifike kwenye kisa nilichokuwa nakikwepa, cha mala ya mavuno.

Mala yetu ilitengenezwa na Wawira. Alikuwa wa rika langu, mwenye mtoto mmoja wa kike aliyempata kabla ya ndoa, na ulimi ambao wakulima walikaa nao mbali. Mimi aliniita Kinoti wa Kurudia. Alichemsha maziwa, akayapoza mpaka yawe ya vuguvugu, akatia chachu, akafunika, na asubuhi yake yalikuwa yameganda mazito, unageuza kikombe na hayamwagiki. Chachu yenyewe ni bakteria, lakini wema: hula sukari ya maziwa na kuacha uchachu, na uchachu ndio unaoyagandisha. Wakati huo Wawira alikuwa amechumbiwa na Njeru, dereva wa pikapu yetu, na tangazo la harusi lilikwisha kuanza kusomwa kanisani.

Kila mwaka kwenye mavuno, familia za kanisa la pale juu hutoa sadaka ya maziwa ya asubuhi moja. Yote huletwa kwetu kwa sababu tuna pipa kubwa, Wawira anayageuza mala, na Jumapili wageni wa kanisa jirani wanakunywa mpaka wanafungua mikanda. Maziwa hayo hayapimwi. Mzee Nthiga mwenyewe alikuwa akirudi nyuma hatua na kukunja mikono.

"Sadaka hainuswi," aliniambia.

Lakini mimi mtungi usiopimwa hunifanya nisikie mwili unawasha. Basi kutoka kwa kila mtungi nilichota kidogo, nikatia kwenye chupa ndogo, nikaandika jina, nikaweka kwenye friji. Si kwamba nilishuku chochote. Nilitaka tu kulala.

"Unapima sadaka?" Mzee Nthiga alisema. "Kesho utamwambia malaika apulize alkoblo ya polisi wa walevi." Hata hivyo naye aliniletea chupa ya soda iliyojaa maziwa ya mbuzi. "Weka na hii. Isije Mungu akafikiri huku ni ng'ombe tu."

Nakumbuka nilivyoshangazwa na ukarimu wa mwaka ule. Ilikuwa msimu wa mvua nyingi, mazizi yamejaa matope, viwele vimevimba kila boma. Wakulima waliokuwa wakileta nusu mtungi siku zote walileta umejaa. Mzee Ireri, mzee wa kanisa na mtu wa kwanza kulalamika nikikataa maziwa yake, alileta mitungi miwili. Mama Marigu, kiongozi wa kina mama wa kanisa, alileta na kusindikiza kwa wimbo.

Asubuhi yake Wawira alifunua pipa, akakuta maziwa. Maziwa tu, mepesi, yanacheza kama maji ya mto. Akaongeza chachu, akangoja. Mpaka Jumapili yalikuwa yanacheza. Wageni walikunywa soda, nao walikuwa wametembea mlima mzima kwa ajili ya mala.

Kamati ya kanisa ilikaa siku hiyo hiyo. Mama Marigu ndiye aliyesema. "Maziwa hayakataangi bure. Kuna mkono imekataa." Hakutaja jina. Hakuhitaji, kila mtu aligeuka akatazama mikono ya Wawira. Mzee Ireri akaongeza kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka, mtu aliyezaa nje ya ndoa kushika vitu vya madhabahu. Uamuzi ukatoka: Jumapili inayofuata Wawira asimame mbele ya kanisa atubu. Asipotubu, tangazo lake la harusi halitasomwa tena.

Alikuja maabara Jumatatu, akafunga mlango.

"Kinoti, niambie ukweli. Nimekosea wapi? Nilichemsha. Nilipoza. Chachu ni ile ile ya kila siku."

"Sijui. Wacha nipime."

"Utapima mpaka nizeeke."

"Na ukikataa kusimama?"

"Njeru anasema twende kwa DC tuandikishwe ndoa ya serikali, basi. Mimi sitaki kwa DC. Nimeimba kwaya hapo tangu nikiwa mdogo." Akachezea kifuniko cha chupa. "Na nikisimama, nimekubali. Mtoto wangu atakua akiambiwa maziwa ya kanisa iliharibika kwa sababu yeye alizaliwa. Wewe ungesimama?"

Mimi ningesimama kabla hata ya kuitwa, nikatubu na ya jirani. Sikumwambia hivyo. Nilifungua friji.

Nilimwomba atie chachu kwenye kila chupa ya sadaka kwa mkono wake mwenyewe, ule ule ulioshtakiwa, na kijiko kile kile. Pembeni nikaweka chupa ya maziwa ya kawaida yaliyopokelewa asubuhi hiyo, naye akaitia chachu vilevile. Tukaziweka zote kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Nilijua nitakachokikuta: chupa moja ya mtu mmoja iliyokataa. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kuzungumza naye kwa upole.

Kesho yake chupa ya maziwa ya kawaida ilikuwa imeganda kama jiwe. Mkono wa Wawira haukuwa na kosa. Nikachukua chupa ya kwanza ya sadaka. Maji. Ya pili, maji. Ya Mama Marigu, maji. Za Mzee Ireri, maji na maji. Rafu nzima ilicheza, isipokuwa ya bibi mmoja mwenye ng'ombe mmoja ambaye hajawahi kumwita mtu wa sindano, na ile ya soda ya Mzee Nthiga, iliyoganda laini ikinuka beberu.

Mwanzo nilidhani nimekosea mimi. Nilirudia kila kitu, nikapata yale yale. Ndipo nikapaka tone kwenye kioo na kungoja jua. Bakteria wa mala walikuwepo, lakini shanga zao zilikuwa zimevimba, nyingine zimepasuka, yamebaki maganda. Katikati yao seli nyeupe za ng'ombe zilikuwa zimetulia na viini vyao vya mafundo, nzima, kama wapangaji waliosimama barabarani wakitazama majengo ya wenzao yakianguka. Kilichobomoa hapo kilikuwa kinatafuta kuta peke yake: dawa ya sindano.

Basi ndama hawakuwa wakinywa. Maziwa ambayo sisi tuliyakataa, kwa kuwa tuna sheria na laktomita, yalikuwa yameletwa siku ya sadaka. Mungu hana mapokezi.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Niliingia na kreti ya chupa na hotuba niliyoikariri juu ya kuta na utando. Chupa nilizipanga mezani, majina yakinitazama mimi, maana sikuweza kuvumilia yawatazame wao. Mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa huku na hafugi hata kuku, alikuwa wa kwanza kuuliza.

"Hawa bakteria, ni wabaya ama ni wazuri?"

"Kuna wazuri na kuna wabaya, mchungaji, na wote wana ukuta."

"Kama washirika wangu," akasema, akaonekana kuridhika.

Mzee Ireri hakuridhika. "Kijana, chupa si pipa. Hapo ndani maziwa itagandia wapi? Haina nafasi."

"Na hii imeganda, mzee."

"Hiyo ni bahati."

"Na hii ya mbuzi?"

"Mbuzi!" akasema kwa dharau, kana kwamba neno hilo lilimaliza kesi.

Nikajaribu kueleza penisilini. Sauti ilianza kunipanda, ikawa nyembamba. Nilisema "huenda" kabla ya kila neno la kweli. Nilipofika kwenye neno sindano, chumba kizima kilipata kikohozi. Mama Marigu akainua kiganja. "Ndagitari, tumeshukuru kwa somo. Lakini hatukukuja hapa shule. Mkono ni mkono." Nikasema samahani, nikaketi. Wiki nzima ya kupima na kurudia, na nikaketi.

Wawira, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akatoka. Nilidhani anakwenda kulia. Alirudi na mtungi kutoka kwenye chumba chetu cha baridi, ambako lile pipa la sadaka lilikuwa bado limehifadhiwa kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa kumwaga cha Mungu. Akavipanga vikombe vya kanisa, akamimina, akaanza kugawa kwa adabu zote, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia.

"Karibu, Mama Marigu."

"Ni ya nini?"

"Ni ile sadaka yenu. Haikuganda, lakini imekaa kwa baridi, haijaharibika. Ni maziwa tu. Shida ni mkono wangu, na mkono wangu uko huku nje ya kikombe. Kunyweni basi."

Hakuna aliyeinua kikombe.

"Mzee Ireri, karibu."

"Mimi daktari alinikataza maziwa."

"Pole sana, mzee. Tangu lini?"

"Tangu... hii wiki."

"Mama Marigu?"

"Nimefunga."

"Umefunga na nimekuona ukikula ndizi hapo nje?"

"Nimefunga maziwa," akasema Mama Marigu.

Mchungaji peke yake hakuelewa kinachoendelea. Alikuwa na kiu, chumba kilikuwa na joto, na alilelewa kwamba ukipewa kikombe unakunywa. Akakiinua. Kilikuwa kimeshagusa midomo yake, Mama Marigu aliporuka kutoka kwenye kiti, akamshika kifundo cha mkono, maziwa yakamwagika kwenye kola yake nyeupe.

"Usinywe!" Hakusema peke yake. Mzee Ireri alisema naye, na mwingine nyuma, na mwingine.

"Kwa nini nisinywe?" Mchungaji aliuliza. Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua. "Si ni sadaka?"

Kisha Mama Marigu, akiwa bado ameushika ule mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'ombe yangu ilikuwa imedungwa."

"Hata yangu," akasema Mzee Ireri, akitazama dirishani. "Lakini ilikuwa imeanza kupona."

Wengine walisogeza vikombe mbali kidogo, kila mmoja kwa kidole kimoja.

Mchungaji alifuta kola. Akawatazama mmoja mmoja, akamaliza na Wawira, aliyekuwa bado ameshika mtungi. "Tuombe," akasema. Aliomba kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, na nilipofungua jicho moja nikaona yake yote mawili yako wazi.

Toba haikutajwa tena. Jumapili tangazo lilisomwa. Wala hakuna aliyemwendea Wawira kumwambia pole. Kwa watu wa huku ni rahisi kuchinja mbuzi kuliko kusema pole. Yeye aliviosha vile vikombe, akavifuta, akavirudisha kabatini, na Jumatatu akaja kazini akaniambia kwamba hotuba yangu ilikuwa nzuri sana, hasa pale nilipoketi.

Harusi ilikuwa mwezi uliofuata, kanisani, na kwaya iliimba mpaka waliokuwa wakinyunyizwa na manyunyu nje wakaingia ndani. Mama Marigu ndiye aliyesimamia kamati ya chakula. Katika nchi hii ya ng'ombe, ambako kumpa mgeni chai bila maziwa ni sawa na kumwonyesha njia ya kwenda kwao, wageni wote, kuanzia mchungaji mpaka wapiga picha, walipewa chai ya rangi. Waliinywa, wakaisifu, wakaomba kuongezewa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maziwa yako wapi.